Kuandaa na Kuendesha Upimaji wa Umma wa Anurizimu ya Aota ya Tumbo: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Aota ni mshipa mkuu wa damu unaotoka kwenye moyo, unashuka kifuani na kupita tumboni mbele ya uti wa mgongo, kisha unagawanyika karibu na usawa wa kitovu ili kulisha miguu yote miwili. Tumboni, kipenyo chake kwa mwanamume mtu mzima ni kama sentimita 2. Ukuta wake ukidhoofika, mshipa hutanuka polepole kama tyubu ya baiskeli iliyochakaa upande mmoja, na ukifika sentimita 3 au zaidi madaktari huuita anurizimu. Mwenye nayo kwa kawaida hasikii lolote. Siku ikipasuka, takriban watu 8 kati ya 10 hufariki, na wengi wao hawafiki hata kwenye chumba cha upasuaji.

Tatizo hili huonekana kwa ultrasaundi ya dakika 10 hivi, bila sindano wala mionzi, na wepesi huo ndio unaowaponza wanaoanzisha mipango ya kulitafuta. Hununua mashine, hupima watu, halafu hawajui wamfanyie nini mzee aliyekutwa na sentimita 4.1, ambaye hahitaji upasuaji leo lakini anahitaji mtu wa kumkumbuka mwakani, na mwaka wa pili, na pengine kwa miaka kumi. Mwongozo huu umeandikwa kwa wahudumu na waratibu wa afya watakaobeba kazi hiyo yote, kuanzia barua ya kwanza hadi rufaa.

Hatua ya 1: Jiridhishe kwamba upimaji unastahili kufanywa

Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani lilichapisha vigezo vya Wilson na Jungner vya kuamua ugonjwa upi utafutwe kwa watu wasio na dalili. Vigezo hivyo vinataka ugonjwa uwe tatizo kubwa, uwe na kipindi kirefu cha ukimya, uwe na kipimo kinachokubalika na uwe na tiba. Anurizimu ya aota ya tumbo inatimiza vigezo hivyo vizuri kuliko magonjwa mengi, na ushahidi wake si wa kubahatisha. Utafiti mkubwa wa Uingereza ujulikanao kwa kifupi kama MASS uliwagawa kwa bahati nasibu wanaume wapatao 67,800 wenye umri wa miaka 65 hadi 74 kutoka maeneo ya Portsmouth, Southampton, Winchester na Oxford, nusu yao wakaitwa kupimwa na nusu wakaachwa waendelee na huduma za kawaida. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2002 yalionyesha kwamba katika miaka 4 vifo vitokanavyo na anurizimu vilipungua kwa asilimia 42 katika kundi lililoitwa.

Hata hivyo, takwimu hizo zisinukuliwe bila kutazama tarehe yake. Katika utafiti huo karibu wanaume 5 kati ya 100 waliopimwa walikutwa na anurizimu, ilhali katika mpango wa Uingereza wa miaka ya karibuni ni kama mmoja tu kati ya 100 wenye miaka 65. Sababu kubwa ni kupungua kwa uvutaji wa sigara. Kwa hiyo anayetaka kuanzisha mpango mahali papya hana budi kupima kwanza kundi dogo la wanaume wa rika husika ili ajue hali ilivyo kwake, badala ya kuazima takwimu za kizazi kilichovuta sigara zaidi.

Sharti la pili halina mjadala. Kabla mtu wa kwanza hajaitwa, kuwepo hospitali iliyokubali kwa maandishi kupokea rufaa, yenye madaktari bingwa wa upasuaji wa mishipa ya damu na matokeo ya upasuaji yanayojulikana. Kumwambia mtu kwamba ana kitu tumboni kinachoweza kupasuka, kisha ukakosa pa kumpeleka, ni kumdhuru.

Hatua ya 2: Amua nani aitwe

Nchi zilizotangulia hazikuchagua njia moja. Uingereza ilianza mwaka 2009 upande wa England na kukamilisha eneo lote mwaka 2013, ikimwita kila mwanamume katika mwaka anaotimiza miaka 65. Uswidi ilianzia Uppsala mwaka 2006 na kuenea nchi nzima kufikia mwaka 2015, nayo pia kwa wanaume wa miaka 65. Marekani haina mfumo wa barua kwa kila mtu. Jopo lake la ushauri wa huduma za kinga hupendekeza kipimo kimoja kwa wanaume wa miaka 65 hadi 75 waliowahi kuvuta sigara, na aliyewahi kuvuta maana yake ni aliyevuta sigara 100 au zaidi maishani. Ujerumani, tangu mwaka 2018, inawapa haki ya kupimwa mara moja wanaume wenye bima ya lazima waliofikia miaka 65.

Umri wa miaka 65 unafaa kwa sababu mbili. Kupasuka kabla ya umri huo ni nadra, na mwanamume ambaye aota yake iko salama katika umri huo hana uwezekano mkubwa wa kufa kwa ugonjwa huu baadaye, hivyo kipimo kimoja kinamtosha.

Kuhusu wanawake, jibu si rahisi, na mwongozo ukilipita kimya utakuwa umewakosea. Anurizimu huwapata mara chache zaidi, kiasi cha mara 4 hadi 6 pungufu kuliko wanaume, lakini ikiwapata hupasuka ikiwa bado ndogo, na matokeo ya upasuaji kwao si mazuri kama kwa wanaume. Jopo la Marekani lilisema mwaka 2019 kwamba ushahidi hautoshi kuamua kwa wanawake wa miaka 65 hadi 75 waliovuta sigara au wenye ndugu mwenye ugonjwa huu, na likashauri wasipimwe wale wasio na mambo hayo mawili. Kwa maoni yangu, mpango wa umma uwaite wanaume wa rika moja, halafu uweke mlango wa pembeni ulio wazi kwa mtu yeyote, mwanamke au mwanamume, ambaye mzazi au ndugu yake wa tumbo moja aliugua, ili apimwe kwa njia ya daktari wake.

Jambo moja la ajabu ni kwamba wenye kisukari hupata anurizimu hii kwa kiwango cha chini kuliko wengine, ingawa kisukari huharibu mishipa mingine mingi. Hiyo si sababu ya kumwondoa mtu yeyote katika orodha.

Hatua ya 3: Tengeneza rejesta kabla ya kugusa mashine

Rejesta ndiyo roho ya mpango. Iwe na jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani na namba ya simu ya kila anayestahili, na itoke kwenye chanzo kinachohuishwa, kwa sababu orodha ya miaka mitatu iliyopita itakupeleka kwa waliohama na kwa waliofariki. Mjane akipokea barua inayomwita marehemu mume wake kupimwa, ataikumbuka barua hiyo kuliko tangazo lolote la mpango wenu. Waondolewe pia waliokwisha kufanyiwa upasuaji wa aota na wale ambao tayari wako chini ya daktari bingwa kwa ugonjwa huu.

Barua ya mwaliko iwe fupi na ya kweli. Imweleze mtu anurizimu ni nini, atakavyopimwa, majibu yanayowezekana, na kwamba ana haki ya kukataa bila kupoteza huduma nyingine. Isifiche upande wa pili, nao ni kwamba baadhi ya watakaokutwa na anurizimu wangeishi hadi mwisho wa siku zao bila kupasukiwa, kwamba kuijua huleta wasiwasi, na kwamba upasuaji wa kuzuia unaweza wenyewe kuua. Mtu anayekuja akiwa amesoma hayo ni rahisi kuzungumza naye siku ya majibu.

Asiyefika apewe tarehe nyingine, kisha akumbushwe mara moja. Uzoefu wa Uingereza umeonyesha kwamba mitaa yenye umaskini zaidi hujitokeza kidogo, ilhali ndiyo yenye uvutaji mwingi na ugonjwa mwingi, kwa hiyo kupeleka mashine karibu na watu hao kuna faida kuliko kuongeza matangazo kwa wale ambao wangekuja tu.

Hatua ya 4: Pima, na upime kwa namna moja

Mtu alale chali, shati limepandishwa, suruali imelegezwa hadi chini ya kitovu, na magoti yakunjwe kidogo ikiwa tumbo limekaza. Mipango mingi mikubwa haidai mtu afunge kula. Pakaa jeli, weka probu (kichwa cha mashine kinachoshikwa mkononi) ya mkunjo inayotumika kwa tumbo chini kidogo ya chembe cha moyo, na utafute kwanza uti wa mgongo, unaoonekana kama upinde mweupe wenye kivuli cheusi nyuma yake. Mbele ya upinde huo kutakuwa na miduara miwili. Ulio upande wa kushoto wa mgonjwa, wenye ukuta mnene na unaodunda, ndio aota. Ulio kulia ni vena kava, mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, ambayo ukuta wake ni mwembamba na hunywea mtu anapovuta pumzi kwa nguvu kupitia puani. Mwanafunzi mpya huichanganya mishipa hii miwili, na kumwomba mgonjwa avute pumzi namna hiyo humaliza ubishi.

Telezesha probu polepole kutoka chembe hadi kitovu, ukiifuata aota mpaka inapogawanyika, kwa sababu anurizimu nyingi hukaa chini ya mishipa ya figo na anayesimama katikati ya njia huiacha. Pima kipenyo cha mbele kwenda nyuma mahali palipo panapana kuliko pote, mara moja kwa picha ya kukata upande na mara moja kwa picha ya urefu, kisha uandike kubwa kati ya hizo mbili. Hifadhi picha zote zikiwa na alama za kupimia.

Makosa matatu hujirudia. La kwanza ni kukata mshazari. Aota ya mzee mara nyingi imejipinda, na probu ikiikata kwa pembe, mduara hugeuka yai na kipimo huongezeka bila sababu. Geuza mkono mpaka yai lirudi kuwa mduara ndipo upime. La pili ni kupima mkondo wa damu tu. Ndani ya anurizimu mara nyingi kuna tabaka la damu iliyoganda, la kijivujivu, na jicho la haraka hudhani ukingo wake ndio ukuta. Mtu mwenye sentimita 5 anaweza kuondoka na jibu la sentimita 2.8, akiamini yuko salama, kwa sababu tu mpimaji hakupunguza kasi na kuutafuta ukuta halisi nje ya tabaka hilo.

Kosa la tatu si la mkono bali la utaratibu, yaani kutokukubaliana alama ziwekwe wapi. England hupima kutoka ukingo wa ndani wa ukuta wa mbele hadi ukingo wa ndani wa ukuta wa nyuma, kama ilivyofanywa katika MASS. Wengine hupima nje hadi nje, na Uswidi huanza kwenye ukingo wa nje wa ukuta wa mbele na kuishia kwenye ukingo wa ndani wa ukuta wa nyuma. Tofauti kati ya kupima ndani hadi ndani na nje hadi nje inaweza kufikia milimita 3 hadi 5. Mtu wa sentimita 5.2 kwa njia moja atakuwa 5.6 kwa njia nyingine, na hizo ni hukumu mbili tofauti, maana mwanamume hupewa rufaa ya upasuaji kwenye sentimita 5.5. Chagueni njia moja, iandikwe ukutani katika kila chumba cha kupimia, na kila rufaa iitaje.

Gesi ya utumbo ikiziba picha, kandamiza kwa upole na kwa subira, au mgeuze mtu ubavu. Isipoonekana kabisa, usikisie. Mpe siku nyingine, na ikishindikana tena mpeleke hospitali akapigwe picha kwa mashine bora zaidi.

Hatua ya 5: Toa jibu papo hapo

Mtu asitoke chumbani bila kujua. Chini ya sentimita 3.0 ni kawaida, na kwa mpango wa England hiyo ndiyo kwaheri. Kipimo cha 2.9 hakikuzwi kuwa 3. Miongozo ya madaktari wa mishipa wa Ulaya inaruhusu kufikiria kumpima tena mwenye 2.5 hadi 2.9 baada ya miaka 5 hadi 10 ikiwa bado ana umri mrefu wa kutarajiwa mbele yake. Mwambie wazi pia kwamba hukutazama ini, figo wala kongosho. Watu hudhani ultrasaundi ya tumbo imeona kila kitu, na dhana hiyo ikiachwa itamchelewesha mtu siku akiugua kitu kingine.

Kwa aliyekutwa na anurizimu ndogo, maneno ya kwanza yana uzito. "Mzee, mshipa wako umetanuka kidogo, una sentimita 3.4. Hauhitaji upasuaji, na uwezekano wa kupasuka kwa sasa ni mdogo sana, ila tutautazama kila mwaka." Kisha nyamaza, umwachie nafasi ya kuuliza. Karibu wote huuliza kama wanaweza kuendelea na kazi, safari, mazoezi na tendo la ndoa, na kwa anurizimu ndogo jibu ni ndiyo.

Hatua ya 6: Fuatilia bila kumpoteza mtu hata mmoja

Mpango wa England ulijengwa juu ya utaratibu wa kumpima mwenye sentimita 3.0 hadi 4.4 kila mwaka, na mwenye 4.5 hadi 5.4 kila miezi 3. Miongozo ya Marekani na ya Ulaya hutoa nafasi ndefu zaidi, kwa mfano miaka 3 kwa walio kati ya 3.0 na 3.9. Anurizimu nyingi hukua kwa takriban milimita 2 kwa mwaka, na ndiyo sababu nafasi hizo ndefu hazileti hatari kubwa. Mpango wenye vyumba vichache ungefanya vyema kuchukua ratiba ndefu na kuitimiza, kuliko kutangaza ratiba fupi isiyotekelezeka.

Kwa nini wasipasuliwe mapema? Swali hili wagonjwa huliuliza sana na lina jibu zuri. Tafiti mbili, moja ya Uingereza iliyotoka mwaka 1998 na nyingine ya wanajeshi wastaafu wa Marekani iliyotoka mwaka 2002, ziliwalinganisha waliopasuliwa mapema na waliofuatiliwa kwa ultrasaundi mpaka sentimita 5.5. Waliopasuliwa mapema hawakuishi zaidi.

Kipindi cha kusubiri si cha kukaa bure. Wengi wa wanaume hawa watauawa na moyo au kiharusi kabla ya anurizimu, hivyo shinikizo la damu litibiwe, statini, yaani dawa za kupunguza kolesteroli, zizingatiwe, na sigara iachwe, maana mvutaji hukuza anurizimu haraka zaidi na hupasukiwa zaidi. Hakuna dawa iliyothibitika kupunguza kasi ya ukuaji. Antibiotiki ya doksisaiklini ilijaribiwa na haikusaidia. Weka pia alama katika faili kuhusu antibiotiki za kundi la fluorokwinoloni, kama siprofloksasini, kwa kuwa mwezi Desemba 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba wenye anurizimu wasipewe ikiwa kuna dawa nyingine inayofaa.

Kila mwenye anurizimu na mtu anayeishi naye wafundishwe dalili ya hatari, yaani maumivu makali ya ghafla ya tumbo, mgongo au ubavu, pamoja na jasho, kizunguzungu au kuzimia. Hapo haisubiriwi kliniki. Ni gari la wagonjwa na hospitali, na neno anurizimu litajwe mara wanapofika mlangoni.

Hatua ya 7: Rufaa na uamuzi wa upasuaji

Sentimita 5.5 kwa mwanamume, au ukuaji wa zaidi ya sentimita 1 kwa mwaka, humtoa mtu mikononi mwa mpimaji. Kwa mwanamke, wataalamu wengi huanza kufikiria upasuaji kwenye sentimita 5.0. England imejiwekea lengo la kuonwa na daktari bingwa ndani ya wiki 2, na kufanyiwa upasuaji ndani ya wiki 8 tangu rufaa. Huko atapigwa picha ya CT ili kuona umbo la mshipa, na moyo, mapafu na figo zake zitapimwa.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kupasua tumbo na kushona bomba la kitambaa mahali pa sehemu iliyotanuka. Ya pili, iliyotambulishwa na Juan Parodi huko Buenos Aires mwaka 1990, ni kupitisha bomba lenye fremu ya waya kupitia mshipa wa kinena na kulifungulia ndani ya aota. Katika utafiti wa Uingereza uliozilinganisha, waliofariki ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 1.7 kwa njia ya kinena na asilimia 4.7 kwa njia ya wazi. Faida hiyo hutoweka kadiri miaka inavyokwenda, na bomba la ndani hulazimu kupigwa picha maisha yote, kwa sababu damu inaweza kuvuja pembeni yake.

Wapo watakaokataa upasuaji, na wana haki. Mwanafizikia Albert Einstein alizungushiwa selofani, karatasi nyembamba inayofanana na plastiki, kwenye anurizimu yake mwaka 1948 na daktari Rudolf Nissen, mbinu ya enzi hiyo. Ilipoanza kupasuka Aprili 1955 alikataa kupasuliwa tena, akafariki akiwa na miaka 76. Anayekataa aendelee kubaki kwenye rejesta, kwa sababu uamuzi huweza kubadilika.

Hatua ya 8: Kagua kazi yenu wenyewe

Kila robo mwaka hesabuni waliojitokeza kati ya walioitwa, wasioonekana vizuri kwenye picha, waliopitisha tarehe ya kurudi, na muda kati ya rufaa na upasuaji. Kati ya hesabu hizo mimi huiogopa zaidi ile ya waliopitisha tarehe, maana hao ni watu wenye ugonjwa unaojulikana na ambao mfumo umewaacha. Mwenye sentimita 5.1 aliyechelewa wiki 4 apigiwe simu siku hiyohiyo, asiandikiwe barua.

Mtu aliyewahi kupimwa akipasukiwa, fungueni picha zake za awali, mtaalamu asiyejua jibu la kwanza azipime upya, na ikibainika alama ziliwekwa kwenye ukingo wa damu iliyoganda, picha zote za mpimaji yuleyule kwa kipindi hicho zirudiwe kutazamwa moja baada ya nyingine.